Barua ya wazi: Neno la nchi lisife kila tukitoka kupiga kura

Kwenu Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na kwenu Wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama.

YAH: MSIMAMO WA NCHI KWA MAJIRANI ZETU NA KWA ASKARI WETU BAADA YA UCHAGUZI

Waheshimiwa, shikamooni, na poleni na majukumu.

Mi ni mama wa biashara hapa Arusha, nachukua vitunguu Mang'ola kule Karatu, vingine nashusha Soko la Kilombero vingine napeleka Namanga mpaka Nairobi, huu mwaka wa 19 nafanya kazi hii na watoto wangu wote wanne wamesomeshwa na vitunguu. Kabla ya kuja hadharani nimefuata njia zote ambazo raia anatakiwa azifuate. Nimeandika barua tatu kwa ofisi moja inayohusika, mbili nimezipeleka kwa mkono zikapigwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninazo kwenye faili, ya tatu mwanangu akanisaidia kuituma kwa imeili. Hakuna iliyojibiwa. Nikaenda mwenyewe kuulizia, kijana niliyemkuta mapokezi akaniambia kwa upole tu, mama mambo ya nje ni ya wakubwa, we fuatilia mzigo wako. Hapo ndo nikaona bora niandike kila mtu asome, maana mzigo wangu na mambo ya nje ni kitu kimoja, sijui kwa nini watu wanavitenganisha.

Ninachosema ni kimoja. Nchi ikimpa jirani neno, au ikimpeleka mtoto wa mtu kwenye vita ya mbali, hilo neno ni la nchi, sio la waziri aliyekuwepo siku ile wala la rais aliyekuwepo. Uchaguzi ukipita, uwe wa kwetu uwe wa kwao, neno libaki palepale mpaka libadilishwe kwa utaratibu unaojulikana na sababu zisemwe. Sisemi msibadilishe kitu, wala sina chama ninachokitetea hapa. Nasema tusiwe tunajua kwamba nchi imebadili msimamo kwa kukuta geti limefungwa.

Niwaambie kwa nini linaniuma. Baba yangu alikuwa fundi kwenye shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya zamani. Mi nimezaliwa 1976, mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983, yaani nimetambaa, nimetembea, nimeota meno yakang'oka, nimeingia darasa la kwanza, mpaka bado umefungwa. Shangazi yangu aliolewa upande wa pili, Kajiado. Yeye na baba hawakuonana miaka yote ile, wakati kutoka hapa mpaka Namanga ni kilomita kama 110 tu, siku hizi unaenda unarudi kabla ya chakula cha mchana. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa makubaliano ya Mei 1984, Kenya asilimia 42, sisi 32, Uganda 26, zikaandikwa kwenye karatasi. Ila stahiki za baba alizifuatilia mpaka akazeeka nazo, na ile bahasha yake ya kaki sasa ninayo mimi.

Baba alikuwa anatueleza jinsi ilivyokufa. Chombo cha juu kabisa cha Jumuiya walikuwa marais watatu basi. Amin alipopindua Uganda Januari 1971, Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja, na mimi kwa hilo simlaumu hata kidogo, ila hao watatu wasipokaa hakukuwa na mwingine wa kukaa. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kwenye watu. Reli, ndege, posta, bandari, mishahara ya kina baba, vyote vilitegemea wanaume watatu wanaongea au hawaongei.

Jumuiya ya sasa mkataba wake ulisainiwa hapahapa mjini kwetu Novemba 30, 1999, ukaanza kutumika Julai 2000, na walioandika ni kama walikuwa wamejifunza. Ibara ya 145 inasema nchi ikitaka kujitoa lazima Bunge lake lipitishe kwa theluthi mbili na itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Sasa waheshimiwa nisaidieni hapo. Kutoka kwenye Jumuiya kunataka theluthi mbili ya wabunge na mwaka mzima wa taarifa, ila kusimamisha lori la mahindi inatosha barua moja ya Ijumaa jioni?

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mpaka unabadilika usiku tumelala.

Nitaje yale ambayo kila mtu anayajua. Desemba 2014 wenzetu wa Kenya walizuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuchukua na kushusha wageni, madereva wa hapa Arusha wakahangaika mpaka Machi 2015 ndo ikaisha. 2017 sisi tukachoma vifaranga 6,400 pale Namanga vilivyotoka Kenya, na mwaka huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa upande wa pili wakapigwa mnada. Machi 5, 2021, ilikuwa Ijumaa, Kenya wakazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Januari 2024 sisi tukatangaza ndege za abiria za Kenya Airways zisije Dar kwa vile wao walikuwa wamegoma kuipa ruhusa ndege yetu ya mizigo, na hiyo haikumaliza hata siku tatu, wakubwa wakaongea ikaisha. Julai 2025 tukatoa amri ya kuwazuia wasio raia kwenye biashara za aina 15, simu ya kwanza niliyopigiwa ni ya mteja wangu Nairobi ananiuliza, dada sasa na sisi tukiwafanyia hivohivo huku utauzia wapi.

Sisemi yote yalikuwa mabaya. Mafua ya ndege tuliyoyaogopa kwa wale vifaranga yapo kweli. Sumukuvu inaua, 2016 watu wetu wenyewe walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, kwaiyo nchi kukagua mahindi ni haki yake na ni wajibu wake. Ninachogomba nacho ni namna. Lori likiwa limeshatoka shamba, limeshalipiwa ushuru wa kijiji, limeshakatiwa vibali, dereva yuko njiani, halafu ndo utaratibu unageuka, hapo hamjazuia ugonjwa, mmemfilisi mtu.

Na mimi yamenikuta. Mwaka gani na kituo gani sitaji, sitafuti mtu afukuzwe kazi. Nilikuwa na magunia 80 kwenye Fuso, vitunguu vizuri vyekundu vimekaushwa vizuri, tumefika saa kumi na moja alfajiri tunaambiwa kuna karatasi mpya inatakiwa, tangazo limetoka jana jioni, na aliyekuwa anatuambia hivo hata yeye hiyo karatasi alikuwa hajaiona. Tulikaa siku 9. Kitunguu ukikiacha chini ya turubai kwenye jua la Longido kinachemka, kinaanza kutoa maji, kinaota, harufu yake ikishaanza mnunuzi hata hasogei. Nilipoteza magunia 57. Hela ile nusu ilikuwa ya kikoba, ya wanawake wenzangu 14, na nilikaa miaka miwili nawalipa. Mmoja wao alikuwa anauguza, sikuwa na cha kumpa, mpaka leo nikikutana naye sokoni namkwepa macho.

Mimi angalau nina Fuso. Kuna kina mama wanaovuka na kreti mbili tatu za nyanya, wale mzigo wao hauzidi dola 2,000 na Jumuiya imewawekea cheti chepesi cha uasili wa bidhaa wapite bila ushuru wa forodha. Utaratibu mzuri sana ule, sijui nani aliufikiria ila Mungu ambariki. Lakini likija tangazo la ghafla cheti kile hakimsaidii mtu, na mama mwenye nyanya hawezi kusubiri hata siku mbili. Anaenda njia ya panya. Na hapa naomba wa ulinzi mnisikilize vizuri. Njia za panya hazifunguliwi na wahalifu peke yao, zinafunguliwa na sisi watu wa kawaida siku geti limefungwa bila maelezo, tukishazizoea na bodaboda akishajua njia, akija mwenye bunduki au mwenye mihadarati naye anapita humohumo, tena anaongozwa na kijana ambaye wiki iliyopita alikuwa anavusha nyanya za mama yake. Mpaka uliotulia ndo mpaka unaolindika.

2. Mambo ya nchi yanategemea nani anapatana na nani.

Mei 2021 Mheshimiwa Rais Samia alienda Nairobi, alikuwa hana hata miezi miwili toka aapishwe. Walikaa na Rais Kenyatta, wakaongea, mambo yakaanza kufunguka, mpaka leo namshukuru kwa ile safari, siku ile nilikuwa Namanga na watu walikuwa wanapigiana simu kwa furaha. Ila nilipotulia nikajiuliza. Mpaka ni uleule, mkataba ni uleule, jengo la pamoja la Namanga lilishazinduliwa na marais wawili Desemba 2018, mahindi ni yaleyale. Kama kilichokuwa kinakosekana ni watu wawili kuongea, basi siku wakija wengine wawili wasiopatana tunarudi kulekule. Kenya wakabadili rais 2022. Agosti 2027 wanapiga kura tena. Kila wakikaribia uchaguzi mi napunguza mzigo, sio kwa sababu ya fujo, ni kwa sababu sijui neno lipi litakuwa bado lina nguvu baada ya matokeo.

Na wala msiniambie haiwezekani kuwa vingine, maana mji huu umeona ikiwezekana. Miaka ile ya mazungumzo ya amani ya Burundi nilikuwa binti nauza chapati karibu na jengo la mikutano la AICC, nilikuwa naona magari ya wajumbe yanaingia yanatoka, wengine walikuwa wateja wangu. Mwalimu ndo alikuwa msuluhishi. Oktoba 14, 1999 akafariki, na mtaani tukasema basi Warundi wamekwisha, nani atawakalisha tena. Mzee Mandela akaipokea kazi ikiwa mezani, na Agosti 28, 2000 wakasaini hapahapa. Kazi iliendelea mwenye kazi akiwa kaburini Butiama. Na kabla ya hapo, Mwalimu alipong'atuka urais 1985, wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa Mazimbu na Dakawa kule Morogoro hawakufukuzwa, Mzee Mwinyi aliendelea kuwalea mpaka walipoanza kurudi kwao miaka ya 90. Tulikuwa na shida ya sukari, shida ya nguo, shida ya kila kitu, uchumi umebadilishwa juu chini, ila lile neno tulilowapa halikuguswa. Sasa tulilipoteza wapi hilo?

3. Askari wetu.

Nikienda Mang'ola napita njia panda ya Monduli, wale vijana wa chuo cha jeshi nawaona toka niko mdogo. Mdogo wangu wa mwisho ni mwanajeshi, zaidi ya hapo simsemi maana yeye ana kiapo chake.

Tumepeleka watoto Darfur, Lebanon, Afrika ya Kati, Kongo. Julai 13, 2013 waliuawa 7 Darfur. Mwaka huohuo tukaingia kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kujibu mashambulizi Kongo, sisi na Afrika Kusini na Malawi, ilianzishwa wakati wa Rais Kikwete, Rais Magufuli akaikuta akaendelea nayo, Rais Samia naye akaikuta. Desemba 7, 2017 kule Semuliki, Kivu Kaskazini, waliuawa vijana wetu wasiopungua 14 kwa usiku mmoja. Marais watatu kwenye kazi ileile, hapo ni mahali ambapo nchi imeshika msimamo na mimi naheshimu.

Ila halafu ikaja ya pili. Desemba 2023 jeshi la SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, likaanza kuingia Kongo na sisi tukapeleka askari humo, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo makao yake yako hapa mjini kwetu nayo ilikuwa na jeshi lake Kongo, mwezi huohuo wa Desemba ndo linaondolewa, na Kongo yenyewe mwezi huohuo inapiga kura. Jeshi moja linatoka lingine linaingia, nchi ileile, vita ileile, na sisi ni wanachama wa pande zote mbili. Aprili 2024 wakauawa watatu wa kwetu kwa kombora. Januari 2025 mji wa Goma ukachukuliwa na waasi wa M23. Machi 13, 2025 wakuu wa SADC wakaamua jeshi liondoke, wakatoka kwa kupitia Rwanda. Mimi nauliza kama dada wa askari, sio kama mjuzi wa vita: walienda kufanya nini, kilifanyika au hakikufanyika, na sasa msimamo wetu juu ya Kongo ni upi? Nani alisimama Bungeni akawaeleza wazazi wa wale watatu kwa lugha ya mzazi? Kwenye misiba tunapewa bendera iliyokunjwa vizuri na tunasomewa risala nzuri. Mama mmoja jirani yetu alizika mwanae aliyekuja kwenye jeneza toka nje, kila nikimtembelea ananiuliza swali hilohilo, hivi ile kazi aliyoiendea iliisha? Sijui nimjibu nini, na nyie ndo mnaojua.

4. Hili la baada ya Oktoba 2025.

Watu walikufa, Oktoba 29 siku ya uchaguzi wetu mkuu na siku zilizofuata, na hilo lina uzito ambao barua ya vitunguu haiwezi kuubeba, nawaachia wanaolisemea vizuri kuliko mimi, nawaombea marehemu. La kwangu ni dogo. Intaneti ikazimwa, wateja wangu wa Nairobi hawanipati, mzigo uko njiani. Novemba Bunge la Ulaya likatoa azimio juu yetu, Desemba Marekani wakasema wanaangalia upya uhusiano wao na sisi. Mtoto wa dada yangu ni dereva wa utalii, wageni wakaanza kuahirisha. Ofisi zenu ndo zilipaswa zitusemeshe sisi wa ndani wakati ule, mipaka ikoje, mikataba ikoje, wageni waambiwe nini. Tulibaki kutafsiriana sauti za wasapu.

Najua majibu mtakayonipa, nimeshayasikia, niyaongelee kabisa.

Mtasema mambo ya nje na ulinzi ni siri ya nchi. Waheshimiwa, mi siombi kujua askari wako kilima gani wala bunduki ngapi. Naomba kujua tumeahidi nini na kama ahadi bado ipo. Katiba yetu ibara ya 63(3)(e) imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayotakiwa kuridhiwa, na Bunge halikai gizani.

Mtasema kila anayechaguliwa ana haki ya kuja na mtazamo wake. Kweli kabisa, na nchi imebadilika mara nyingi. Na Israeli tulivunja uhusiano 1973, tukaurudisha 1995, tukafungua ubalozi Tel Aviv 2018. Sera ya mambo ya nje tuliyokuwa nayo ni ya 2001, ile ya diplomasia ya uchumi, ikakaa zaidi ya miaka 20 mpaka toleo jipya likazinduliwa Mei 2025. Yaani sera kubwa mnaweza kukaa nayo miaka 20 mkiipitia na kuitafakari, na hiyo ni sawa, ila ya mpakani inageuka kwa usiku mmoja. Hapo ndo siwaelewi, maana diplomasia ya uchumi bila vitunguu kuvuka ni diplomasia ya nini?

Mtasema jirani ndo anaanza. Kuna wakati anaanza yeye kweli, mahindi ya 2021 walianza wao. Lakini kila tukilipiza anayeumia sio aliyesaini lile tangazo la kule. Ni mimi, na yule mteja wangu wa Nairobi ambaye ameninunulia mzigo toka 2009 na alikuja kwenye msiba wa baba.

Na mtasema hata mataifa makubwa yanafanya hivo. Ndio, tumeona. Marekani walipiga kura Novemba 2024, Januari 20, 2025 rais mpya akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje siku 90, ilipofika Julai 1 lile shirika lao la USAID likawa limefungwa. Huku kwetu kuna watu walikuwa wanachukua dawa kwenye kliniki wakakuta wahudumu wamesimamishwa kazi. Watu hao hawakupiga kura Marekani. Kama sisi tumeonja uchungu wa nchi kubwa kubadili neno lake ghafla, ndo sisi tuwafanyie Warundi na Wakenya na Wakongo hivohivo?

Kwa hayo naombeni.

Kwanza, ndani ya siku 90 baada ya kila uchaguzi mkuu serikali isimame Bungeni iseme kwa Kiswahili cha kawaida: ahadi zetu kwa majirani ni hizi, zinazoendelea ni hizi, tunazotaka kubadili ni hizi na sababu ni hii. Kwa uchaguzi uliopita, hata kama siku hizo zimeshapita, isemwe tu sasa.

Pili, na hili ndo nalililia zaidi, hatua yoyote inayogusa mpaka itangazwe si chini ya siku 30 kabla, isipokuwa kwa mlipuko wa ugonjwa au vita. Na hata ikiwa ni dharura, mzigo ambao ulishatoka shamba ukiwa na vibali vyake upimwe na ukikutwa mzima upite. Ukikutwa mbovu umwagwe, sitalalamika. Msiuache kwenye jua wakati watu wanatafuta simu ya mkubwa. Jumuiya ilishatunga sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha mwaka 2017, tuambieni inatumikaje pale Namanga na Holili, na mtu akidhulumiwa anaenda dirisha gani.

Tatu, muunde kamati ya kudumu kwa kila mpaka, waingie wafanyabiashara wa pande zote mbili na wanawake wenye mizigo midogo wawemo, isivunjike afisa akihamishwa wala waziri akibadilishwa. Sasa hivi kila akija afisa mpya tunaanza kujitambulisha upya kama wageni, na mimi nimeshawaona wengi.

Nne, askari wakipelekwa nje, muda ukiongezwa, na kazi ikifungwa, mara zote hizo tatu Bunge liambiwe na familia ziambiwe. Kwa ile ya SADC iliyoisha Machi 2025 naomba maelezo yatolewe, hata ya kurasa mbili. Nitayachukua mwenyewe nimpelekee yule mama.

Tano, ni dogo, mtu akiandika barua ajibiwe.

Haya yote yanaweza kufanyika kabla ya Agosti 2027, na ndo maana naandika sasa na sio wakati huo. Kenya wakiwa wanahesabu kura mi nitakuwa na mzigo barabarani kama kawaida, nina madeni ya mbegu na nina vibarua, siwezi kusubiri matokeo ya nchi nyingine ndo nijue kama nitavuka. Nataka siku ile dereva wangu afike Namanga alfajiri akute utaratibu uleule aliouacha wiki iliyopita, kwa sababu umeandikwa na nchi mbili na ukabandikwa ukutani, nani ameshinda nani ameshindwa wajuane wenyewe.

Nasubiri jibu kwa maandishi. Barua zangu tatu mnazo, mbili zina muhuri wa kupokelewa, majibu ya hii nitayabandika sokoni Kilombero wenzangu wayasome.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa vitunguu,
Arusha